Kupima uzazi wa nyota kwa eksirei: jibu kwa mwalimu wa fizikia

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Nimesoma kwamba wanaastronomia hupima kasi ya kuzaliwa kwa nyota katika galaksi kwa kutumia eksirei. Lakini ninavyofundisha darasani, eksirei za angani hutoka kwenye mashimo meusi na nyota za nyutroni, yaani nyota zilizokwisha kufa. Mtu anapimaje uzazi kwa kuhesabu makaburi? Na kama mwanga wa kawaida upo, taabu yote hii ni ya nini? Mwisho, kuna hesabu yoyote ambayo kidato cha sita wanaweza kuifanya wenyewe?

Jibu: Mwalimu, kuhusu chanzo cha eksirei unafundisha sawasawa. Kinachobaki kuongezwa ni umri. Nyota hazipewi maisha ya urefu mmoja. Jua letu litaishi takriban miaka bilioni 10. Nyota yenye uzito wa Jua mara 20 inaishi kama miaka milioni 10 tu, na yenye uzito mara 8 haizidi sana miaka milioni 40. Nzito ina mafuta mengi, lakini inayachoma kwa pupa. Kwa galaksi yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 10, miaka milioni 10 ni kufumba na kufumbua. Kwa hiyo ukikuta dalili za nyota nzito, hata iwe imeshakufa, unajua kwamba mahali hapo nyota zilikuwa zinazaliwa juzijuzi.

Fikiria kumbikumbi. Asubuhi baada ya mvua unakuta mabawa yametapakaa barazani chini ya taa. Hukuwaona wakiruka, na wenyewe wamekwisha kuliwa au kujichimbia ardhini, lakini hakuna haja ya kuuliza walitoka lini. Walitoka jana usiku, kwa sababu mabawa yao hayadumu. Hata wingi wa mabawa unakupa picha ya wingi wa kundi. Nyota nzito zinatufaa kwa sababu hiyohiyo: maisha yao ni mafupi, basi wingi wa mabaki yao mapya unafuata wingi wa uzazi wa hivi karibuni. Nyota ndogo hazina faida hiyo. Ukiiona leo, huwezi kusema ilizaliwa jana au miaka bilioni 8 iliyopita.

Lakini mabaki peke yake hayaangazi vya kutosha. Shimo jeusi lililo pweke ni giza tupu. Kinachowasha taa ni mwenzi. Nyota nzito nyingi huzaliwa zikiwa mbilimbili, zikizungukana. Ile iliyo nzito zaidi hutangulia kufa kwa mlipuko wa supanova na kuacha nyota ya nyutroni au shimo jeusi. Ya pili bado hai, nayo ni nzito pia, na inapuliza upepo mkali wa gesi. Sehemu ya gesi hiyo inanaswa na marehemu na kuanguka kwake. Wakati wa kuanguka inapata joto la mamilioni ya nyuzi, na gesi yenye joto la namna hiyo hutoa eksirei. Darasani unaweza kulieleza hili kwa nishati: muungano wa haidrojeni ndani ya nyota hutoa kama asilimia 0.7 ya nishati iliyomo katika masi, wakati gesi inayoanguka juu ya nyota ya nyutroni hutoa kati ya asilimia 10 na 20. Ndiyo maana kitu chenye kipenyo cha kilomita 20 na ushee kinaweza kushinda kwa mng'aro maelfu ya nyota kama Jua.

Tuite mfumo huu jozi nzito. Sifa yake inayotufaa ni kwamba yule mwenzi aliye hai naye hana muda mrefu. Baada ya miaka milioni kadhaa au makumi ya milioni naye anakufa, na taa inazimika. Taa za jozi nzito zinawaka tu pale ambapo uzazi uko karibu kwa wakati.

Pwani yetu ina sehemu katika ugunduzi wa mifumo hii, na ningependa wanafunzi wako waijue. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, setelaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei pekee ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru. Jukwaa liko karibu na ikweta, mahali panapopunguza mafuta ya kurushia na kuwezesha mzunguko unaokwepa sehemu ya anga yenye chembe nyingi za mionzi zinazosumbua vifaa. Uhuru ilipoelekezwa kwenye chanzo kiitwacho Centaurus X-3, iliona eksirei zikidunda kila baada ya sekunde 4.8, halafu zikikatika kabisa kila baada ya siku 2.1. Kudunda kulimaanisha nyota ya nyutroni inayojizungusha. Kukatika kulimaanisha kwamba nyota hiyo inapita nyuma ya mwenzi mkubwa na kufichwa. Hiyo ilikuwa jozi nzito, imeonekana waziwazi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kutoka kuelewa jozi moja hadi kupima galaksi nzima kulichukua miongo mitatu, kwa sababu ilihitajika darubini yenye macho makali. Chandra, iliyorushwa Julai 1999, inatenganisha vitu vilivyoachana kwa nusu sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja ya pembe), kwa hiyo katika galaksi za jirani inaonyesha jozi moja moja kama nukta. Mwaka 2003 Hans-Jakob Grimm, Marat Gilfanov na Rashid Sunyaev walionyesha kwamba idadi na mng'aro wa jozi nzito vinakwenda pamoja na kasi ya uzazi wa nyota. Mwaka 2012 Stefano Mineo pamoja na Gilfanov na Sunyaev walirudia kwa galaksi 29 za jirani na kupata uwiano unaotumika sana mpaka leo: galaksi inayozalisha nyota zenye jumla ya uzito wa Jua moja kwa mwaka hutoa, kupitia jozi nzito, eksirei za takriban 2.6 × 10³⁹ ergi kwa sekunde, kati ya nishati za kiloelektronivolti 0.5 na 8. Kwa wati ni 2.6 × 10³², yaani kama mng'aro wote wa Jua mara 680,000. Galaksi yetu, kwa kulinganisha, huzalisha kati ya Jua moja na mawili kwa mwaka.

Sasa swali lako la pili: mwanga wa kawaida una kasoro gani? Kasoro ni vumbi. Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi na vumbi, na vumbi hilo hula mwanga wa urujuanimno na wa kawaida kabla haujatoka. Katika galaksi zenye uzazi mkali zaidi, karibu mwanga wote wa nyota changa humezwa na kutoka tena kama infraredi. Eksirei zenye nishati ya juu ya kiloelektronivolti 2 hivi hupenya mawingu hayo bila shida kubwa, isipokuwa yakiwa mazito kupita kiasi. Chini ya hapo eksirei laini nazo hunyonywa. Na hizo laini zina hadithi yake: nyingi hazitoki kwenye jozi, bali kwenye gesi iliyopashwa joto na supanova na pepo za nyota. Ukitazama picha ya Chandra ya galaksi ya M82, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 12, unaona gesi hiyo ikifumka juu na chini ya diski. Nayo inaongezeka kadiri uzazi unavyoongezeka, lakini mimi siitegemei kama kipimo cha kwanza, kwa sababu unyonywaji wake unabadilika sana kutoka galaksi moja hadi nyingine.

Hadi hapa inaonekana rahisi: pima eksirei, gawanya, umepata jibu. Kazi halisi inaanza hapa, maana si kila eksirei ni ya jozi nzito.

Kwanza kuna jozi nyepesi. Hizi nazo zina nyota ya nyutroni au shimo jeusi, ila mwenzi ni nyota ndogo, mara nyingi nyepesi kuliko Jua, inayodondosha gesi yake polepole kwa mamia ya mamilioni au mabilioni ya miaka. Hazisemi lolote kuhusu uzazi wa leo. Zinafuata jumla ya nyota zote zilizokusanywa na galaksi tangu mwanzo. Mwaka 2010 Bret Lehmer na wenzake walizitenganisha kwa mlinganyo wenye vipande viwili, kwa nishati za kiloelektronivolti 2 hadi 10. Nikiuandika kwa kipimo cha mng'aro wa Jua, unasema hivi: kila uzito wa Jua mmoja unaozaliwa kwa mwaka huongeza takriban 420,000, na kila Jua bilioni 10 za nyota zilizokwisha jikusanya huongeza takriban 240,000.

Tuupige kwa mfano. Galaksi ina nyota zenye jumla ya uzito wa Jua bilioni 50, na eksirei zake katika masafa hayo ni sawa na mng'aro wa Jua mara milioni 5.2. Nyota za zamani zinadai 5 × 240,000, yaani milioni 1.2. Zinabaki milioni 4. Gawanya kwa 420,000, unapata uzazi wa Jua 9.5 kwa mwaka. Ungesahau jozi nyepesi ungepata zaidi ya 12. Kosa hilo linavumilika. Lakini chukua galaksi inayofanana na yetu, yenye Jua bilioni 60 na uzazi wa Jua 2 kwa mwaka. Kwa mlinganyo huo, jozi nyepesi zinatoa milioni 1.4 na jozi nzito hazifikishi hata milioni moja. Hapo wazee wanawazidi vijana kwa mng'aro, na mtu akipima uzazi kwa eksirei bila kutoa sehemu ya wazee, jibu lake litakuwa zaidi ya maradufu ya ukweli.

Pili kuna shimo jeusi kuu katikati ya galaksi, lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya Jua. Likiwa linakula gesi kwa nguvu, linaweza kung'aa kuliko jozi zote za galaksi mara mia au elfu, na hesabu yako inaharibika yote. Galaksi ikiwa jirani, unalikata tu katikati ya picha. Ikiwa mbali, ambapo galaksi nzima ni nukta moja, unahitaji ushahidi mwingine. Kwa kawaida chanzo kinachozidi 10⁴² ergi kwa sekunde hutiliwa shaka mara moja, kwa kuwa ili jozi nzito zifike hapo galaksi ingehitaji kuzalisha mamia ya Jua kwa mwaka.

Tatu ni jambo ambalo binafsi naliona ndilo linalowaponza wengi, na ni la takwimu zaidi kuliko fizikia ya nyota. Jozi nzito nyingi ni hafifu, ila sehemu kubwa ya mng'aro wa jumla hubebwa na zile chache za juu kabisa. Galaksi yenye uzazi mkubwa ina jozi za kutosha, kwa hiyo zile za juu zinapatikana na wastani unatulia. Galaksi ndogo yenye uzazi wa nusu Jua kwa mwaka huenda isiwe na hata moja ya hizo. Ukiipima leo utaiona hafifu kuliko kanuni, na kama kwa bahati imepata moja, utaiona kali kupita kiasi. Gilfanov na wenzake waliliandikia hili mwaka 2004: katika galaksi zenye uzazi mdogo, thamani unayotarajia kukutana nayo mara nyingi iko chini ya wastani. Hata M82, yenye uzazi mkubwa wa karibu Jua 10 kwa mwaka, haijaokoka. Kwa kanuni ya Mineo ingetarajiwa kutoa kama 2.6 × 10⁴⁰ ergi kwa sekunde. Lakini ndani yake kuna chanzo kimoja, M82 X-1, ambacho kikiwaka sana kinaweza kupita kiasi hicho chote peke yake. Jirani yake, M82 X-2, mwaka 2014 ilikutwa na darubini ya NuSTAR ikidunda kila baada ya sekunde 1.37. Kumbe ni nyota ya nyutroni, wakati wengi walidhani mng'aro wa namna ile unahitaji shimo jeusi. Nukta mbili hizi zikipanda au kushuka, kipimo cha uzazi wa galaksi nzima kinapanda au kushuka nazo, ilhali uzazi wenyewe haujabadilika hata chembe.

Nne, kuna ucheleweshaji. Jozi nzito haiwaki siku nyota zinapozaliwa. Lazima mmoja afe kwanza. Mfano mzuri ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu, umbali wa miaka ya nuru kama 200,000. Wasomaji wa Lindi na Mtwara wanaweza kuliona kama ukungu hafifu upande wa kusini jioni za Novemba na Desemba, mbali na taa za mji. Ni dogo mno ukililinganisha na galaksi yetu, lakini limejulikana kuwa na jozi nzito zaidi ya mia moja. Vallia Antoniou na wenzake walipochunguza mitaa ya wingu hilo zilimo jozi hizo, walikuta nyota nyingi zilizozaliwa kati ya miaka milioni 25 na 60 iliyopita. Kwa hiyo mwanga wa haidrojeni, yaani ule unaotolewa na gesi iliyochochewa na nyota changa, unaokuonyesha nyota zenye umri wa chini ya miaka milioni 10 na eksirei zinazoonyesha makumi ya milioni vinaweza kutofautiana, na vyote viwili vikawa sahihi. Vinajibu maswali ya nyakati mbili.

Wingu hilo linatukumbusha pia kwamba kemia ina sauti. Galaksi zenye elementi nzito chache, kama oksijeni na chuma, hutoa eksirei nyingi zaidi kwa uzazi uleule. Upepo wa nyota nzito husukumwa na mwanga kupitia elementi hizo. Zikipungua, nyota hupoteza gesi kidogo, hufa ikiwa bado nzito, na jozi hubaki zimekaribiana. Kwa sababu hiyo kanuni iliyopatikana kwa galaksi za jirani haihamishwi kwa galaksi za kale bila kurekebishwa.

Na huko kwa galaksi za kale ndiko njia hii inakonivutia zaidi. Chandra imetazama kipande kimoja cha anga ya kusini kwa jumla ya sekunde milioni 7, kama siku 81. Orodha iliyochapishwa mwaka 2017 na Bin Luo na wenzake ina vyanzo 1008, na 711 kati yake ni mashimo meusi makuu. Galaksi ya kawaida iliyo mbali, hata ikizalisha Jua 30 kwa mwaka, huenda katika muda wote huo ikaleta fotoni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Peke yake haionekani. Basi wanachukua mamia ya galaksi ambazo darubini ya Hubble imeshaonyesha zilipo, wanakata kipande kidogo cha picha ya eksirei mahali pa kila moja, kisha wanavilundika vipande hivyo kimoja juu ya kingine. Kelele zinasawazishana na ishara ya pamoja inajitokeza. Hutajua habari za galaksi moja, ila utajua wastani wa kundi, na kwa wastani ile bahati nasibu ya jozi chache kali inapungua sana. Kwa njia hii Lehmer na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba kadiri unavyorudi nyuma kwa wakati, eksirei kwa kila Jua linalozaliwa huongezeka, sawa na kinachotarajiwa pale ambapo elementi nzito ni chache.

Ukiniuliza basi kama ningetumia eksirei peke yake kwa galaksi moja, nasema hapana. Mtawanyiko wa kanuni ya Mineo ni kama mara 2.5 juu au chini. Urujuanimno na infraredi vikijumlishwa hupima galaksi moja vizuri zaidi. Siku hizi hata tunaigeuza hesabu: tunachukua uzazi uliopimwa kwa infraredi, tunakadiria eksirei zinazopaswa kuwepo, na ikiwa zilizoonekana zimezidi mno, tunajua kuna shimo jeusi kuu limejificha kwenye vumbi. Eksirei pia zilipasha moto gesi ya ulimwengu mchanga kabla galaksi hazijatapakaa kila mahali, na darubini ya redio ya HERA, iliyoko Karoo nchini Afrika Kusini, imeshaweka mipaka ya joto hilo inayoelekea kwenye jozi za galaksi zenye elementi nzito chache.

Kwa kidato cha sita, naomba uanze na galaksi mbili zinazogongana ziitwazo Antena, NGC 4038 na 4039, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 70. Ninazichagua badala ya M82 kwa sababu Chandra imeona humo vyanzo zaidi ya mia, kwa hiyo hakuna nukta moja inayotawala kila kitu. Katalogi ya vyanzo ya Chandra iko wazi kwa umma bila malipo. Wanafunzi wachukue mmiminiko wa eksirei wa kila chanzo kilicho ndani ya galaksi, yaani nishati inayotufikia kwa kila sentimita ya mraba kwa sekunde, wazidishe kwa 4πd² kupata mng'aro, wakiwa makini na d, yaani umbali wa galaksi, iwe kwa sentimita, wajumlishe, kisha wagawanye kwa 2.6 × 10³⁹. Wajadiliane ni vyanzo gani huenda si vya galaksi hiyo bali viko nyuma yake kwa mbali. Halafu wafute chanzo kikali kuliko vyote, warudie hesabu, wafute cha pili, warudie tena, na wachore grafu ya jibu linavyoshuka kwa kila chanzo kinachofutwa.